Kamioneti Kuukuu na Maradhi Yake

Juma hili twasema na wale wanaotaka kununua kamioneti kuukuu, na wale walio nayo tayari nayo imeanza kuguna. Jambo hili si la mafundi peke yao. Katika nchi ya Likasi jamaa nyingi huweka akiba miaka kadha wa kadha, wakauza mahindi na mbuzi, ili wapate gari la kuchukua magunia ya unga na makaa mpaka mjini. Injini ikiwa imekwisha kuliwa ndani, akiba yote imekwenda na moshi.

Kwanza yafaa kuuliza gari limebeba nini. Kutoka Likasi hadi Shinkolobwe ni yapata kilometa 20 tu, lakini vumbi la kiangazi na matope ya masika huyatesa magari kuliko safari ndefu ya lami. Mgodi wa urani wa huko, uliotoa sehemu kubwa ya madini ya bomu lililotupwa Hiroshima mwaka 1945, ulifungwa mwaka 1960. Baadaye wachimbaji wadogo walifuata kobalti katika mashimo yale, hata serikali ikawakataza mwaka 2004. Kamioneti iliyozoea kubeba mawe hujulikana: springi zimelala, sakafu ya nyuma imebonyea, na gari husimama upande. Gari la namna hiyo limevuta mzigo uliozidi nguvu zake, na meno ya gea yamelipa. Tena mawe ya urani hutoa mionzi isiyoonekana kwa macho. Basi vumbi la gari hilo lioshwe kwa maji mengi, wala lisifagiliwe likiwa kavu mbele ya watoto.

Nendeni kulitazama asubuhi na mapema, kabla halijawashwa. Wekeni mkono juu ya boneti. Ikiwa ina moto, mwenyewe ameliwasha kwa siri, na hapana budi kuuliza kwa nini. Injini ingali baridi, fungueni kifuniko cha rejeta (kamwe msikifungue ikiwa ya moto, maji yatawaunguza uso) na mtazame kama maji yana utando wa mafuta. Kisha chomoeni kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi si ajabu katika gari la dizeli. Oili iliyogeuka rangi ya kahawa yenye maziwa ni habari mbaya: maji yameingia ndani, na mara nyingi gasketi ya chini ya kichwa cha injini imeungua, au kichwa chenyewe kimepasuka.

Sasa washeni, mtu mmoja asimame nyuma. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, kwa kuwa ringi za pistoni au sili za valvu zimechakaa. Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa; huenda chujio la hewa limezibwa na vumbi tu, na hilo si gharama kubwa. Moshi mweupe unaotoweka upesi katika baridi ya mwezi wa Juni si kitu. Ukidumu hata injini ikiwa ya moto, na maji ya rejeta yakipungua, rudini kwenye neno letu juu ya gasketi; yasipopungua, fundi atazame pampu ya dizeli na nozeli zake.

Katika gea ndipo watu wengi hudanganywa. Vuteni breki ya mkono, tieni gea ya tatu, kisha achieni klachi polepole. Injini ikizimika mara moja, klachi ingali inashika. Ikiendelea kunguruma bila kuzimika, imekwisha. Halafu wekeni gea huru na kusikiliza. Mlio ukisikika wakati mguu haujagusa klachi, nao ukinyamaza mnapoikanyaga, beringi ya mbele ya sanduku la gea ni mbovu. Mlio ukianza mnapokanyaga, ni beringi ya klachi yenyewe. Tofauti hii ndogo yaweza kuokoa fedha nyingi, maana fundi asiye mwaminifu, au asiyejua, atasema katika hali zote mbili kwamba sanduku zima libadilishwe. Hata gea zinazosaga wakati wa kuingia mara nyingine zahitaji maji ya klachi tu.

Basi kuna hila moja tuitaje wazi. Wako wauzaji wanaotia unga wa mbao au grisi nzito katika sanduku la gea ili meno yaliyokwisha yanyamaze kwa siku mbili tatu. Mwombeni muuzaji ruhusa ya kumwaga oili kidogo ya gea na kuisugua vidoleni. Vumbi laini la chuma ni la kawaida. Vipande vya chuma ni meno yaliyovunjika. Na nyuzi za mbao hazikuingia humo zenyewe. Mkristo afanyaye hivyo asijisingizie kwamba ni ujanja wa biashara. Amevunja amri ya saba, naye ana deni la kumrudishia mwenzake hasara, wala kitubio peke yake hakimfungui deni hilo.

Mwisho endesheni katika gea kila moja, kisha mwondoe mguu ghafula kwenye mafuta. Gea ikiruka yenyewe, fundi aangalie kwanza raba zinazoshika injini, ndipo afungue sanduku. Lakini kabla haijatengenezwa msipakie abiria juu ya magunia kamwe. Katika mteremko gea ikiruka, injini haizuii tena gari, breki hubeba uzito wote, zikipata moto hazishiki, na walio juu hawana pa kujishikia.

Juma lijalo tutasema juu ya breki.