Lubumbashi: tableti inaingia kwenye tablo ya gari, redio inatoka. Nani anapoteza?

Mjini Lubumbashi, gari iliyotoka Japani haikai siku nyingi mikononi mwa mwenyewe mpya bila kupelekwa kwa fundi. Hata kama injini ni nzima na matairi bado mazuri, kuna kitu kimoja kwenye tablo kinachomsumbua: redio inaandika Kijapani, na akiifungua haishiki stesheni za hapa. Fundi anaitoa, anapanua tundu, anapitisha waya mbili tatu na kuweka tableti. Jioni gari inarudi nyumbani na ekrani kubwa inayong'aa, muziki, video na ramani.

Wengi wanafanya hesabu ya dola tu: tableti ni ngapi, mkono wa fundi ni ngapi. Kuna hesabu nyingine inayobaki bila kufanywa. Redio inapotoka kwenye gari, habari za muji zinatoka nayo. Na ekrani inapoingia mbele ya shofere, macho yake yanapewa kazi ya pili. Mambo hayo mawili yanamgusa pia msafiri aliyekaa nyuma, ambaye hakuulizwa.

Kwa nini redio ya Japani haishiki

Wengine wanafikiri redio hiyo imeharibika. Hapana, ni nzima. Japani, redio za FM zilipangwa kati ya megahezi 76 na 90, na baadaye nchi hiyo ikaongeza mpaka 95. Kongo, kama nchi nyingi za dunia, inatumia kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo redio ya gari ya Japani inasikia kipande kidogo tu cha chini. Stesheni iliyo kwenye 98 au 104 haiwezi kuingia, hata shofere azungushe namna gani.

Tatizo la pili ni lugha. Menyu ni ya Kijapani, na ramani iliyomo ni ya barabara za Japani. Kuna redio za Toyota ambazo, batri ikitolewa hata kidogo, zinajifunga na kuomba namba ya siri. Mwenye gari hana namba hiyo. Aliyeiuza gari hana. Kuanzia siku ile ekrani ya kiwanda inabaki inaonyesha maandishi yaleyale asubuhi mpaka jioni.

Dawa ya bei ndogo ipo: kisanduku kidogo kinachofungwa kati ya anteni na redio, ambacho kinashusha masafa. Kikishusha kwa 16, stesheni ya 100 inaonekana kwenye 84. Namba inayoandikwa si ya kweli, na pengine stesheni mbili zinagongana, lakini habari zinasikika. Mafundi wanakijua. Ila haking'ai, na mteja aliyeona ekrani kwenye gari ya jirani anataka ekrani.

Tableti na redio ya ekrani si kitu kimoja

Hapa ndipo watu wanachanganya. Kuna redio ya ekrani, iliyotengenezwa kwa ajili ya gari. Ina Android kama simu, lakini haina batri ndani yake; inakula umeme wa gari moja kwa moja. Ina tundu la anteni, ina FM inayofika 108, ina waya za spika na nafasi ya kamera ya nyuma. Toyota nyingi zina tundu la upana wa milimita 200 na urefu wa milimita 100, na redio hizo zinapatikana kwa kipimo hicho. Zinauzwa pia plagi za kuunganisha zinazoingia kwenye plagi za Toyota bila kukata waya hata mmoja.

Halafu kuna tableti ya kawaida, ileile ya mtoto ya kuchezea nyumbani. Hiyo ndiyo inayowavuta watu, kwa sababu pengine iko tayari nyumbani au inauzwa rahisi sokoni. Lakini tableti nyingi hazina FM kabisa. Hazina nguvu ya kuendesha spika za gari bila amplifaya. Na zile zinazotumia waifai peke yake, bila nafasi ya SIM, nyingi hazina GPS. Mtu anainunua kwa ajili ya ramani, kumbe haiwezi kujua gari iko wapi.

Wauzaji wanasema: redio utasikiliza kwa intaneti. Ni kweli, stesheni nyingi ziko huko. Lakini matangazo yanayopita kwa kilobiti 64 kwa sekunde yanakula karibu mega 29 kwa saa moja. Shofere wa teksi anayefanya kazi masaa nane atakula mega 230 kwa siku, kila siku, kwa pesa yake. FM hailipishi kitu. Shofere anayetafuta pesa ya mafuta na ya kumpelekea mwenye gari hatalipia mega ili asikie habari. Atachomeka flashi ya muziki, na muji utaendelea bila yeye: barabara iliyofungwa, maji yaliyokatwa, mtoto aliyepotea, chanjo iliyofika kwenye kituo cha afya.

Kwa watu wengi wa Lubumbashi, teksi ni mahali pa kusikia habari pamoja. Mmoja anasikia, mwingine anauliza, wa tatu anabisha. Flashi haina habari ya leo.

Joto, waya na fizibu

Hatari nyingine haisikiki wala haionekani siku ya kwanza. Batri za tableti, zile za lithiamu, hazipendi joto. Nyingi hazipaswi kuchajiwa zaidi ya nyuzi 45. Mwezi wa kumi, mbele ya mvua, gari ikisimama juani na vioo vimefungwa, juu ya tablo joto linapita 60. Tableti imefungwa humo na gundi, inachajiwa mchana kutwa, haina hewa. Baada ya miezi batri inavimba, ekrani inainuka, na wengi wanafikiri ni gundi imeachia. Batri iliyovimba inapaswa kutolewa siku ileile. Inaweza kushika moto.

Waya nazo zina sheria zake. Gari inatoa volti 12, na injini ikitembea zinafika karibu 14. Tableti nyingi zinaomba volti 5. Katikati lazima kuwe na kibadilishi kizuri, na mwanzoni mwa waya, karibu na pale umeme unapotoka, lazima kuwe na fizibu. Fundi akiruka fizibu ili kupunguza bei, waya ukijikwaruza kwenye chuma hakuna cha kuukata umeme. Waya unapata moto, plastiki ya tablo inaanza kuungua.

Pia kuna mahali pa kuchukua umeme. Waya ukifungwa moja kwa moja kwenye batri, kifaa kinakula hata gari ikiwa imelala. Kifaa kinachokula ampea moja tu kitakuwa kimekula 12 kwa masaa 12 ya usiku, karibu robo ya batri ndogo ya ampea-saa 45. Kama batri yenyewe imezeeka, asubuhi ni kusukuma. Umeme wa tableti unapaswa kuchukuliwa kwenye waya unaoamka na ufunguo na kulala na ufunguo.

Na kuna waya ambazo fundi hapaswi kugusa: zile zenye plagi au ganda la rangi ya njano chini ya volani na nyuma ya tablo mara nyingi ni za mifuko ya hewa. Vilevile ekrani haipaswi kubandikwa juu ya kifuniko cha mfuko huo. Siku ya ajali mfuko unafunguka kwa nguvu, na ekrani inakuwa jiwe linalorushwa kwenye uso wa mtu.

Volani ya kuume, njia ya kuume

Gari nyingi za Japani zinazofika Haut-Katanga zinashushwa bandari ya Dar es Salaam, zinapita Tunduma na Zambia, zinaingia Kasumbalesa. Tanzania na Zambia magari yanatembea upande wa kushoto, na volani iliyo kuume inafaa. Kongo magari yanatembea upande wa kuume. Shofere mwenye volani ya kuume anakaa karibu na mtaro, mbali na katikati ya barabara. Akitaka kuipita lori iliyo mbele yake, haoni kinachokuja mpaka atoe gari nje kidogo, au amuulize aliyekaa kushoto: “Yaya, njia iko wazi?”

Shofere kama huyo anahitaji macho zaidi kuliko mwenzake wa volani ya kushoto. Ndiye anayewekewa ekrani.

Hesabu yake ni nyepesi. Gari inayokwenda kilomita 60 kwa saa inapita karibu mita 17 kila sekunde. Kutafuta wimbo kwa sekunde mbili ni mita 33 bila kuangalia. Kwa kilomita 80, sekunde hizohizo mbili ni mita 44. Kwenye kilomita karibu 90 za kutoka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa, ambako malori ya migodi yanafuatana, mita 44 zinatosha kabisa kukuta lori limesimama bila taa.

Hata hivyo ekrani ina faida zake, na si vizuri kuzificha. Kamera ya nyuma inasaidia kuona mtoto aliyesimama nyuma ya gari. Ramani iliyopakuliwa mapema inafanya kazi bila mega, kwa sababu GPS inapokea ishara za satelaiti na haihitaji intaneti. Shofere mgeni kwenye komini asiyoijua anafika bila kusimama mara kumi kuuliza. Sauti inayosema “pinda kushoto” ni salama kuliko simu iliyoshikwa mkononi.

Waya mmoja wa breki ya mkono

Watengenezaji wenyewe wanajua hatari ya video. Ndiyo maana redio nyingi za ekrani zina waya mmoja mdogo unaopaswa kufungwa kwenye breki ya mkono. Breki ikivutwa, gari imesimama, video inaonekana. Breki ikiachiwa, picha inakatika, sauti inaendelea.

Mafundi wengi wanaufunga waya huo kwenye chuma cha gari. Ekrani inadanganywa kwamba breki imevutwa, na video inacheza hata kwa kilomita 100. Si kwamba fundi hajui. Mteja mwenyewe ndiye anayeomba, na fundi akikataa, mteja anakwenda garaje ya pili. Tableti ya kawaida haina hata waya huo. Haijui kama iko kwenye gari.

Sheria ya barabarani ya Kongo ni ya tarehe 30 Agosti 1978, namba 78-022. Iliandikwa miaka 32 mbele ya iPad ya kwanza kuuzwa, wakati kitu cha kufungua kwenye tablo kilikuwa redio peke yake. Mtu hawezi kuilaumu sheria ya zamani kwa kutotaja ekrani. Lakini pale ambapo kanuni haisemi wazi ni ekrani gani, iwekwe wapi na izimwe lini, polisi wa barabarani na shofere wanabaki kubishana pembeni ya njia, na mabishano hayo hayaokoi mtu.

Kusubiri sheria mpya si lazima. Vyama vya mashofere vinaweza kukubaliana kwamba gari ya kubeba watu haichezi video mbele ya shofere ikiwa inatembea. Mwenye gari, ambaye ndiye anayelipa, anaweza kumuuliza fundi maswali manne mbele ya kutoa pesa: FM inabaki? Fizibu iko wapi? Umeme unazimika na ufunguo? Waya wa breki ya mkono umefungwa wapi? Fundi mzuri atajibu yote akiwa amesimama. Anayekasirika kwa kuulizwa, afadhali gari itoke garaje yake ikiwa na redio ya Kijapani.

Redio za jamii nazo zina kazi. Hazitashinda ekrani kwa kulalamika. Shofere anaamka saa kumi na moja, anabanwa na foleni asubuhi na jioni. Habari za barabara zinapaswa kumkuta masaa hayo, fupi, kwa Kiswahili anachosema yeye. Asiye na FM anaweza kutumiwa sauti ya dakika tano kwa WhatsApp, faili ndogo inayopakuliwa mara moja na kusikilizwa njiani.

Na msafiri ana mdomo. Analipa, anaweza kusema: “Papa shofere, utuwekee habari basi. Video tutaangalia kwa nyumba.”