Kukata Shauri Ni Kazi ya Kujifunza



Kila mwenye nyumba hukata mashauri mengi kwa siku kuliko hakimu katika baraza lake, wala hana karani wa kumwandikia. Apande leo au angoje mvua ya pili? Auze mbuzi au amweke? Amdhamini mwenzake wa kazi katika mkopo, au akatae na kuonekana mchoyo? Mashauri ya namna hii hayapigiwi ngoma, lakini ndiyo yajengayo nyumba au kuibomoa. Wengi hudhani kwamba akili ya kukata shauri huja yenyewe pamoja na mvi. Sivyo. Ni kazi ya kujifunza, kama kulima na kupiga hesabu zilivyo kazi za kujifunza. Na somo lake, ingawa ni la huzuni, tunalo hapa hapa Ukambani.

Katika mwaka 2004 watu wa Makueni na Kitui walianza kuugua ugonjwa wa ini. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakavimba, na wengi hawakupona. Kufikia mwezi wa Julai wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, na 125 kati yao walikuwa wamekufa. Chanzo kilikuwa ni mahindi yenye sumu iitwayo aflatoksini, ambayo hutokana na kuvu ziotazo juu ya nafaka yenye unyevu. Sumu hiyo haina harufu, na kuipika hakuiondoi.

Wataalamu walichunguza nyumba za wagonjwa, wakazilinganisha na nyumba za majirani waliokuwa wazima. Waliona kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wale waliokuwa wameweka mahindi yao ndani ya nyumba walimolala, hali yakiwa bado na unyevu, kuliko kwa wale waliotumia ghala.

Sasa tujiulize: mtu mwenye akili aliyatia kwa nini mahindi mabichi ndani ya nyumba? Hatuulizi ili kuwalaumu wafiwa. Twauliza kwa sababu yeyote kati yetu angaliweza kufanya vivyo hivyo. Chakula kilikuwa haba. Mahindi yakibaki shambani au katika ghala la nje, mwizi angaliweza kuja usiku. Basi kuyaleta ndani mapema, chini ya jicho la mwenyewe, kulionekana kuwa ni busara tupu.

Hapo ndipo lilipo somo la kwanza. Penye hofu mbili, moyo husikiliza ile ipigayo kelele. Mwizi ana sura na tunamjua tangu utoto. Kuvu hazina sura wala sauti. Basi mtu akimaliza kuihesabu hofu ile aionayo, na ajilazimishe kuuliza swali la pili: “Je, ni hatari gani katika jambo hili ambayo haipigi kelele?” Swali hili halina gharama, nalo lafaa shambani, ofisini, na hata katika mambo ya ndoa.

Somo la pili ni la mizani. Watu hupima shauri kwa kuuliza ni lipi liwezalo kutokea kwa urahisi zaidi. Ni vema, lakini haitoshi. Yatupasa tuulize pia: nikikosea, je, kosa langu litatengenezeka? Gunia likiibwa ni hasara chungu, walakini msimu mwingine huja, na ndugu huweza kukopesha debe moja. Mtoto akifa kwa sumu, hakuna msimu utakaomrudisha. Wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Basi tuyatenge mashauri yetu mafungu mawili. Lile ambalo kosa lake hutengenezeka, tulikate upesi bila kupoteza siku. Lile ambalo kosa lake halitengenezeki, tulilalie, tulipime, tumwulize mjuzi.

Tena mara nyingi kupima huko ni kazi ya dakika chache tu. Twaa chupa ya kioo iliyokauka vizuri, utie mahindi kiasi pamoja na chumvi kavu, uifunge na kuitikisa kwa nguvu, kisha uiache itulie kidogo. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado yana unyevu. Yarudishe juani, juu ya turubai au mkeka, wala si juu ya udongo mtupu. Chumvi isiposhika, yamekauka kiasi cha kuwekwa ghalani. Mtu aliyefanya jaribio hili amekata shauri kwa jambo alilolijua, na wala si kwa jambo alilolidhani.

Somo la tatu latutia uchungu zaidi. Msiba wa mwaka 2004 haukuwa wa kwanza. Katika mwaka 1981 watu waliugua hivyo hivyo katika Wilaya ya Machakos, ambayo wakati ule ilikuwa na Makueni ndani yake, na watu 12 walikufa. Madaktari waliandika habari zile katika majarida yao. Lakini maarifa yaliyolala katika jarida la daktari si maarifa ya mwenye ghala. Miaka 23 ikapita, na msiba ukarudi kwa njia ile ile.

Na sisi je? Ni wangapi kati yetu wawezao kusema ni tarehe gani walipanda misimu mitatu iliyopita, walipanda mbegu gani, na kwa nini? Kumbukumbu ya kichwani ina hila: shauri likifanikiwa, husema, “Nilijua”, likiharibika, husema, “Ni bahati mbaya.” Kwa hiyo hatujifunzi neno. Dawa yake ni daftari moja tu. Kabla ya kulitenda shauri kubwa, andika mistari mitatu: nimekusudia nini, kwa sababu gani, na nategemea kuona nini. Baada ya mavuno, au baada ya mwaka, funua ukurasa ule usome. Daftari halijui kujipendekeza.

Somo la nne lahusu kuwauliza watu watakaobeba mzigo wa shauri lenyewe. Katika mwaka 1938 Serikali ya kikoloni iliona kwamba ardhi ya Machakos inaliwa na mmomonyoko, nayo ikakata shauri kwamba ng'ombe wapunguzwe kwa nguvu. Wanyama waliuzwa kwa bei ndogo, na kiwanda cha nyama cha Liebig's huko Athi River kilikuwa tayari kuwapokea. Mmomonyoko ulikuwa ni kweli. Hakuna aliyeweza kuukana. Lakini wenye ng'ombe hawakupewa nafasi ya kushauriana juu ya dawa yake. Mwezi wa Julai watu kwa maelfu walikwenda Nairobi pamoja na Muindi Mbingu kutaka kumwona Gavana, wakakaa huko majuma kadhaa. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu. Walakini kabla ya mwaka kwisha Serikali iliacha kuuza ng'ombe kwa nguvu. Ardhi haikupona, na imani ya watu ilivunjika.

Tulinganishe jambo hilo na habari ya matuta. Matuta nayo yaliingizwa mara nyingi kwa amri, na wengi waliyachukia. Lakini wakulima waliyatazama kwa macho yao wenyewe. Waliona kwamba tuta la “fanya juu”, ambalo udongo wake hutupwa upande wa juu wa mtaro, hujitengeneza polepole kuwa kama ngazi, likashika maji na mbolea. Waliona mahindi ya jirani mwenye matuta yakisimama wakati ya wengine yanapokauka. Baada ya uhuru, mwaka 1963, amri ilipokwisha, wako walioyaacha. Lakini katika miaka iliyofuata wengi waliyachimba tena kwa hiari, kwa jembe lao au kwa kusaidiana katika mwethya. Shauri ambalo mtu amelijaribu kwa sehemu ndogo na kuliona kwa macho, hulishika bila ya askari.

Haya si ya wakulima peke yao. Karani ajengaye nyumba kwa mshahara akumbuke kumwuliza mkewe, maana ndiye atakayepunguza sukari na mafuta mkopo utakapoanza kukatwa. Baba achaguaye shule amwulize mtoto mwenyewe. Na yule aombwaye kuwa mdhamini katika chama cha akiba na mikopo asitie sahihi kwa kuona haya. Hofu ya kuonekana mchoyo hupiga kelele siku moja. Deni la mwenzake huweza kumnyamazia miaka mingi, kisha likatokea siku ile atakayo ada ya shule. Apige hesabu hivi: “Kama hatalipa hata senti moja, je, nyumba yangu itasimama?” Ikiwa itasimama, amdhamini kwa moyo mweupe. Ikiwa haitasimama, akatae kwa adabu, amsaidie kwa kiasi awezacho.

Limebaki neno moja, nalo ni la faraja. Shauri jema si lazima lizae matunda mema kila mara. Idara ya Hali ya Hewa ikitangaza kwamba mvua za Oktoba hadi Desemba yaelekea zitakuwa chache, haikuahidi. Imesema tu upande ambao mizani imelalia. Mkulima wa Kitui atakayegawa shamba lake, sehemu akapanda ndengu, kunde na mtama, na sehemu ndogo mahindi yakomaayo upesi, amefanya vema. Mvua ikinyesha kwa wingi, na jirani aliyepanda mahindi matupu akavuna magunia mengi kumpita, asijilaumu wala asimhusudu. Jirani alicheza kamari akashinda. Ukame ukija, mwenye mahindi matupu huenda akakosa hata mbegu, lakini aliyegawa shamba atakuwa na chungu jikoni. Tusimpime mtu kwa msimu mmoja. Tumpime kwa namna alivyofikiri, na kwa misimu kumi.

Basi, ndugu msomaji, juma hili lipo shauri moja likungojalo. Kabla hujalikata, twaa daftari. Andika hofu unayoiona, kisha utafute ile usiyoiona. Andika kama kosa lake litatengenezeka. Andika jina la mtu atakayebeba mzigo, ukamwulize leo leo, kabla jua halijatua. Halafu likate, uweke tarehe, uende kazini kwako na moyo uliotulia.