Pai ya jeli na maua
Pai ya jeli ya maua haihitaji oveni. Biskuti hupondwa, huchanganywa na siagi iliyoyeyushwa, hushindiliwa kwenye bakuli na kuwekwa kwenye friji hadi mchanganyiko ushikane. Rangi nyekundu ya jeli hutoka kwenye rozela iliyochemshwa na sukari. Juu hupangwa petali za waridi ambalo halikupigwa dawa. Waridi la dukani ni la kutazamwa tu. Kazi hasa iko kwenye matabaka: jeli humiminwa ikiwa imepoa lakini bado majimaji, maana ya moto huyeyusha ile ya chini na petali zikaelea ovyo. Nanasi lisilopikwa halifai kabisa, kwani kimeng'enya chake, bromelaini, huvunja protini ya jelatini na pai ikabaki uji. Lililochemshwa halina neno. Jelatini huganda kwenye friji kwa saa kadhaa. Aga, itokanayo na mwani, huganda hata mezani.