Hulugho haina haja ya kungoja jimu

Tuseme ukweli, wasee. Tukiambiwa tufanye mazoezi, picha inayokuja ni jamaa wa Nairobi akikimbia Karura na viatu vya bei. Sasa njoo Hulugho, kaunti ya Garissa, karibu na mpaka wa Somalia. Mchunga ngamia hana shida, yeye anatembea kutwa. Shida ni ya karani, muuza duka na dada anayeshinda nyumbani. Mchana jua linachoma, usiku usalama ni wasiwasi, na dada wengi hawataki kukimbia mbele ya watu.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, lakini linasema pia kidogo ni bora kuliko kukaa tu. Hapo ndipo baduanjin inaingia: mazoezi ya Kichina ya mienendo minane, polepole, ukifuata pumzi. Robo saa hivi, nafasi ya mkeka, mlango umefungwa. Si ibada, na si dawa ya presha. Ni pa kuanzia.

Nani atafundisha? Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii laki moja, wanaoingia manyumbani na mashine ya kupima presha. Akishampima mama, mbona asimwonyeshe mienendo miwili mitatu? Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Kumfundisha mhudumu ni rahisi kuliko kujenga uwanja ambao dada hataingia.