Owen Beck: Chali wa Hoki Aliyeuzwa Januari Mbili Mfululizo na Bado Akabeba Makombe

Wasee, najua kwetu hoki ya barafu ni ile rinki ndogo ya Panari pale Mombasa Road na maboyz wa Ice Lions. Lakini huu mchezo uko na mwingine ndani yake, na huo hauchezewi kwa barafu. Mameneja wa timu za vijana huko Canada huucheza kwa simu, kila Januari.

Cheki vile inaenda. Ligi ya Ontario, OHL, ni ya vijana wa miaka 16 hadi 20, na wale wa 20 mwisho ni watatu kwa timu. Kwa hivyo hata kikosi kikiwa moto aje, miaka mitatu hivi kimeisha. Na mchezaji hanunuliwi na dooh. Unalipa na vijana wengine, ama na zamu zako za drafti (si ile ya vifuniko vya soda hapo base, hii ni siku timu zinachagua watoi kwa zamu). Meneja lazima aamue: huu ni mwaka wetu ama tunauza?

Sasa mwangalie Owen Beck. Alikuwa Mississauga, tayari Montreal Canadiens wamemchagua namba 33 mwaka wa 2022. Januari 2023 akapelekwa Peterborough. Miezi michache baadaye Peterborough wakachapa London (ile ya Ontario) kwa fainali, wakawa mabingwa wa OHL. Sherehe ikaisha, kikosi kikazeeka, na Januari 2024 Peterborough nao wakamwachilia aende Saginaw, Michigan.

Saginaw hawakuwa wanabahatisha. Ndio walikuwa wenyeji wa Memorial Cup 2024, na mwenyeji huingia hata akipoteza ligi. Na walipoteza kweli, London waliwatoa. Wakapatana tena kwa fainali ya Memorial Cup. Saginaw wakaongoza 3-0, London wakarudisha zote, alafu Josh Bloom akafunga la nne zikibaki sekunde 22. Beck akatajwa mchezaji bora wa mashindano.

Kwa karatasi hiyo ni biashara safi. Lakini manze, huyu alikuwa msee wa miaka 18, alafu 19. Imagine uko Form Four na Januari unaambiwa panga sanduku, umehamishwa shule, na familia ya kukukaribisha ni wageni kabisa. Mara mbili. Mimi singetoboa.

Hii hesabu imeanza kuyumba. Novemba 2024 vyuo vya Marekani, NCAA, vilikubali kuchukua wachezaji wa ligi hizi kuanzia Agosti 2025. Gavin McKenna, staa wa Medicine Hat, hakungoja. Akiwa na miaka 17 akachagua Penn State. Medicine Hat hawakupata mchezaji wala zamu ya drafti. Ni kama vile Mbappé alitoka PSG bure 2024, tofauti ni kwamba huyu bado ni mtoi.

So meneja akiwa na staa wa 18 sasa anatoa jasho. Akimuuza mapema, mashabiki watamla mzima. Akimshikilia, anaweza amka Julai apate chali ameshaenda chuo. Na anayenunua naye atauliza kitu haikuwa inaulizwa wakati wa Beck: "Kijana, Septemba utakuwa wapi?"