Mnatafuta Shingo ya Kukaba

Kila vijana wanapoingia barabarani, wenye madaraka huwa na swali moja tu: kiongozi wao ni nani? Waliuliza Nairobi, Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipowatoa vijana majumbani. Wakarudia kuuliza huku madai yenyewe yameandikwa kwenye mabango, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Sheng, kila mwenye macho asome. Serikali inayotaka kujua watu wanadai nini haihitaji jina la mtu. Anayeng'ang'ania jina anatafuta shingo ya kukaba au mkono wa kutia bahasha.

Na sisi ndio tuliomzoesha kuuliza hivyo. Tumewalea watoto wetu kwa historia ya wanaume waliosimama jukwaani. Muulize mwanafunzi yeyote ni nani aliyeuvunja ubaguzi wa mabasi ya Montgomery, jimbo la Alabama, Marekani, atakutajia Martin Luther King. Aliyesoma zaidi ataongeza Rosa Parks, kisha atamsimulia kama mama mshonaji aliyechoka miguu akagoma kuinuka kitini kumpisha mzungu. Hadithi hiyo inamdhulumu Parks! Alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, mjini humo, akiandika visa vya watu weusi walioonewa, na majira ya joto ya mwaka ule ule aliokamatwa alikuwa amehudhuria mafunzo ya uanaharakati katika shule ya Highlander kule Tennessee. Mtu aliyejiandaa miaka mingi tumemfanya ajali ya jioni moja.

Parks alikamatwa Alhamisi, 1 Desemba 1955. Usiku huo huo Jo Ann Robinson, mwalimu wa Kiingereza katika chuo cha watu weusi cha Alabama, aliingia chuoni akawasha mashine ya kurudufu. Akishirikiana na mwalimu mwenzake na wanafunzi wawili, alichapa vipeperushi maelfu kwa maelfu hadi alfajiri, vikiwataka watu wasusie mabasi Jumatatu. Hakukurupuka. Baraza la kisiasa la wanawake aliloliongoza lilikuwa limepanga njia za kusambaza vipeperushi kabla Parks hajakamatwa, na tangu Mei 1954 Robinson alishamwandikia meya kumwonya kwamba watu wakiendelea kudhalilishwa, mabasi yatasusiwa. Kufikia Ijumaa jioni habari ilikuwa imeenea shuleni, madukani, kwa vinyozi na makanisani. Jumatatu mabasi yakapita matupu. King, mchungaji wa miaka 26 ambaye hata miaka miwili alikuwa hajatimiza vizuri mjini hapo, alichaguliwa kuongoza mgomo Jumatatu hiyo mchana, watu wakiwa tayari wametembea kwa miguu kwenda kazini.

Simpunguzii King hata chembe. Nyumba yake ililipuliwa kwa bomu Januari 1956 na hakurudi nyuma. Ninachokikataa ni ule uvivu wa kumtwika mtu mmoja kazi ya mji mzima. Mgomo ulidumu siku 381, na siku 381 haziishi kwa hotuba. Ziliisha kwa magari mia kadhaa yaliyopangiwa zamu na vituo vya kubebea watu. Georgia Gilmore alipika kuku na keki, akauza, na pesa akazipeleka kwenye mikutano ya wagomaji zinunue petroli. Alipotoa ushahidi mahakamani, alifutwa kazi ya mkahawani, akahamishia jiko nyumbani kwake akaendelea kupika. Na kesi iliyofuta ubaguzi ule kisheria haikuwa ya Parks wala ya King. Ilibebwa na wanawake wanne, mmoja wao Claudette Colvin, msichana aliyekamatwa akiwa na miaka 15, miezi tisa kabla ya Parks.

Februari 1956 wakubwa wa Montgomery walifukua sheria ya mwaka 1921 ya kuzuia migomo, wakawashtaki watu zaidi ya 80 kwa mpigo. Walitarajia kuona watu wakikimbia. Badala yake washtakiwa walivaa nguo zao nzuri wakajipeleka wenyewe kwa sherifu, mmoja baada ya mwingine, wengine wakiuliza kama majina yao yamo. Serikali ikaishia kumsimamisha King peke yake kizimbani na kumtia hatiani. Mabasi yakabaki matupu.

Dola ya Marekani haikuacha kufikiri kwamba harakati ni mtu mmoja. Machi 1968 FBI, shirika lake la upelelezi, ilituma waraka wa siri kwa ofisi zake ikiagiza kwamba azuiwe yeyote anayeweza kuibuka kama masihi wa kuwaunganisha weusi, na King alikuwa miongoni mwa waliotajwa. Kwa hesabu yao, ukiondoa kichwa, kiwiliwili kinaanguka.

Sasa tazama mji wa Memphis, Tennessee. Wazoa taka wapatao 1,300 waligoma Februari mwaka huo, baada ya wenzao wawili kusagwa na mtambo wa lori la taka. King alikwenda kuwaunga mkono, na huko ndiko alikopigwa risasi akafa tarehe 4 Aprili. Wazoa taka wale hawakurudi kazini kwa majonzi. Chama chao kilikuwa chao: viongozi wao walitoka kwenye malori yale yale na mikutano yao ilikuwa ya kila siku. Tarehe 16 Aprili, siku 12 baada ya mauaji, mji ulikubali kukitambua chama chao na kuwaongeza mshahara.

Ndiyo maana nina neno pia kwa vijana wetu wa Kenya, na nalisema kwa uchungu wa mtu aliye upande wao. Mliposema hamna kiongozi, hamna chama, hamna kabila, mliitia serikali kiwewe. Tarehe 26 Juni 2024 Rais Ruto aliukataa mswada ambao wabunge walikuwa wameupitisha jana yake. Lakini Julai baraza la mawaziri lilivunjwa, kisha baadhi ya mawaziri wale wale wakarudishwa na vigogo wa upinzani wakaongezewa viti. Desemba baadhi ya kodi zilirudi kwa sheria nyingine. Na kutokuwa na kiongozi hakukuwakinga: makumi waliuawa, wengine wakatekwa mitaani kwa sababu ya walichoandika mtandaoni. Wasiokuwa na jina walikabwa vilevile.

Msidanganyike kwamba uongozi ndio uliowaponza wazee wetu. Kilichowaponza ni kuuweka uongozi wote mfukoni mwa mtu mmoja. Ella Baker, mwanaharakati mweusi wa Marekani, alilijua hili. Aprili 1960 aliwakusanya mjini Raleigh wanafunzi waliokuwa wakigoma kwa kukaa kwenye migahawa ya wazungu, akawashauri wasikubali kuwa tawi la vijana la shirika la wachungaji, wajitegemee. Wanafunzi hao wakaingia vijiji vya Mississippi, wakalala kwa wakulima, na humo akainuka Fannie Lou Hamer, kibarua wa shamba la pamba ambaye hakuna kamera ingekwenda kumtafuta.

Ninyi pia mnao. Waliochangisha pesa za hospitali na mazishi kwa simu ni viongozi. Mawakili walioshinda kwenye vituo vya polisi ni viongozi, na waliofunga vidonda barabarani pia. Kosa letu ni kuwaacha watawanyike moshi wa gesi ulipotulia. Wadi gani leo ina mfuko unaohesabiwa hadharani? Nani anakaa na familia ya aliyeuawa, kesi yake ikiahirishwa mara ya tano? Mtaani kwako, akitekwa mtu usiku wa leo, watu kumi watakaopigiwa simu kabla ya saa moja kwisha ni akina nani? Kama majina hayo hayapo, yaandikwe wiki hii, kabla ya mswada mwingine kusomwa bungeni.