Msikilize Mfanyakazi Kabla Hujaweka Sahihi

Kijana mwenzetu, hebu tuseme ukweli. Mtu akiugua nyumbani, kabla ya kumpeleka hospitali mnapigia simu watu watatu wanne. "Pale wanahudumia vizuri? Daktari yupo usiku? Bili inakuwaje?" Lakini ukipata barua ya kazi kutoka hospitali hiyo hiyo, hupigi simu hata moja. Unasema kazi ni kazi, unaweka sahihi, Jumatatu umefika na yunifomu.

Tunaelewa kwa nini. Umesomea uuguzi, maabara, famasia au utabibu kwa miaka, wazazi wameuza walichokuwa nacho, na mtaani vijana wenye vyeti wamejaa bila ajira. Ukisikia kuna nafasi katika kampuni kubwa ya afya, iwe ni hospitali ya kibinafsi yenye matawi kila mji au ajenti anayekuahidi kazi ya kuhudumia wazee ng'ambo, nani atakaa kuuliza maswali? Aulizaye anaogopa kuonekana hana shukrani.

Basi sisi tunakwambia uliza. Maoni ya mfanyakazi kuhusu kampuni ya afya si umbea, wala si ulalamishi wa mvivu. Ni ushahidi. Yanakuonyesha mambo mawili kwa mpigo: wewe utatendewa vipi ukishaingia, na mama yako atahudumiwa vipi siku akilazwa pale.

Manake kazi ya afya si kama kazi nyingine. Fundi wa viatu akichoka, kiatu hutoka kimepinda. Muuguzi akichoka, dozi hukosewa. Mfanyakazi wa hospitali akisema "tuko wachache", anazungumza juu ya mshahara wake na jasho lake, ndiyo, lakini pia anakwambia kuna mgonjwa aliyebonyeza kengele usiku na hakuna aliyekuja.

Tuchukue mfano wa kampuni moja ambayo mambo yake yako wazi kwa kila mtu. Kaiser Permanente ni mojawapo ya mashirika makubwa zaidi ya afya Marekani. Makao yake ni Oakland, California, na lilifungua milango kwa umma mwaka 1945. Linauza bima na linaendesha hospitali lenyewe, na wanachama wake ni zaidi ya milioni 12. Kwa jumla si mwajiri mbaya. Wafanyakazi wake wengi wanasifu bima wanayopewa, pensheni, na mshahara unaoshinda wa hospitali nyingi jirani. Tena tangu 1997 shirika hilo na vyama vya wafanyakazi walikuwa na makubaliano ya kushirikiana, jambo ambalo ni nadra kule.

Pamoja na hayo yote, tarehe 4 Oktoba 2023 wafanyakazi zaidi ya 75,000 wa Kaiser waliweka kazi chini, wengi wao kwa siku tatu. Ulitajwa kuwa mgomo mkubwa zaidi wa wahudumu wa afya katika historia ya Marekani. Waliotoka ni wauguzi wasaidizi, mafundi wa eksirei, watu wa famasia, wa mapokezi, na wale wanaosafisha wodi. Walilalamika kwamba gharama ya maisha imepanda kuliko mshahara. Lakini kilio walichokirudia zaidi ni kimoja: tuko wachache, tumechoka, na wagonjwa wanaumia kwa sababu hiyo. Kampuni ilijibu kwamba uhaba wa wafanyakazi uko nchi nzima tangu Korona, na kwamba inalipa vizuri kuliko wenzake. Siku chache baadaye, tarehe 13 Oktoba, pande mbili zikapatana: nyongeza ya asilimia 21 kwa miaka minne, pamoja na hatua za kuongeza watu kazini.

Umeona? Sifa zilikuwa za kweli na malalamiko yalikuwa ya kweli. Mtu akikwambia kampuni fulani ni peponi mtupu, au ni jehanamu mtupu, mwambie arudi aeleze vizuri.

Sasa tazama upande wa afya ya akili ndani ya shirika hilo hilo, maana hapo ndipo hoja yetu inasimama wima. Mwaka 2011 chama cha wahudumu wa afya ya akili wa Kaiser huko California kilitoa ripoti na kuipeleka kwa wasimamizi wa serikali ya jimbo. Walisema mgonjwa anasubiri miadi kwa muda mrefu kupita kiasi. Ungeweza kusema hao wanatafuta nyongeza tu. Lakini wasimamizi walichunguza, na mwaka 2013 wakapiga kampuni faini ya dola milioni 4. Mambo hayakutengemaa. Mwaka 2022 wahudumu hao, zaidi ya 2,000 upande wa kaskazini wa California, walikaa nje ya kazi kwa wiki 10, wakisema jambo lile lile. Oktoba 2023 kampuni ikakubaliana na jimbo kwa dola milioni 200: milioni 50 ni faini, na milioni 150 za kurekebisha huduma hiyo.

Kuanzia 2011 mpaka 2023 ni miaka 12. Kwa miaka hiyo yote, aliyekuwa akisema ukweli mapema kuliko wote ni yule aliyekaa na mgonjwa. Matangazo yalikuwa na picha za watu wanaotabasamu, na ripoti za mwaka zilikuwa na hesabu safi. Mfanyakazi ndiye aliyejua miadi inayofuata ni baada ya wiki ngapi.

Waingereza wamelielewa jambo hili kiasi cha kulifanya utaratibu. Kila mwaka wafanyakazi wa huduma ya afya ya umma huko Uingereza huulizwa maoni yao, na majibu hutangazwa hospitali kwa hospitali, kila mtu asome. Miongoni mwa maswali kuna hili: ndugu au rafiki yako akihitaji matibabu, ungeridhika na huduma ya hapa? Swali hilo ni fupi lakini ni kali. Mtu anaweza kusifu mshahara, akamsifu bosi, akasifu kantini. Ukimuuliza kama angemleta mamake pale, utaona anavyonyamaza kwanza.

Swali hilo liibe, ulitumie hapa kwetu. Na ukishapata wa kumuuliza, msikilize namna hii.

Tafuta zaidi ya mtu mmoja. Mmoja anaweza kuwa na chuki zake, au ni jamaa ya meneja. Watatu kutoka idara tofauti wakikwambia kitu kimoja bila kupangana, hicho kishike. Kumbuka pia kwamba wa maabara na wa wodi wanaweza kuishi dunia mbili ndani ya jengo moja.

Uliza hesabu, usiulize hisia peke yake. "Mnateseka?" haina maana. Uliza: usiku muuguzi mmoja anashika wagonjwa wangapi? Zamu ni saa ngapi, na ni kweli inaisha hapo? Mshahara unaingia tarehe ngapi, na mwaka uliopita ulichelewa mara ngapi? Huko California wauguzi waliendelea kutaja hesabu hiyo ya wagonjwa hadi ikawa sheria. Ilipitishwa 1999 na ikaanza kutumika 2004: chumba cha wagonjwa mahututi, muuguzi mmoja asizidishiwe wagonjwa wawili, na leo katika wodi za kawaida mwisho ni watano. Wangekuwa wanasema "tumechoka" peke yake, wangepewa pole na chai.

Watafute walioondoka. Aliye ndani ana mengi ya kupoteza. Aliyetoka atakwambia kwa nini alitoka, na kama walimlipa haki zake za mwisho.

Uliza kuhusu wewe ulivyo. Dada yangu, kama unavaa hijabu, uliza mapema wodini na chumba cha upasuaji inakuwaje. Usingoje siku ya kwanza ndio uambiwe. Hili nalo lina njia zake. Uingereza walipoweka sharti kwamba mhudumu wa wagonjwa awe na mikono wazi chini ya kiwiko ili kuzuia maambukizi, wahudumu Waislamu walieleza tatizo lao. Mwongozo wa wizara yao wa mwaka 2010 ukaruhusu mikono ya ziada ya kuvaa na kutupa, ivaliwe na itupwe kama glavu. Usafi ulibaki, na stara ikabaki. Walieleza, hawakunung'unika pembeni.

Na kama ni ajenti wa ng'ambo, kwanza hakikisha ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Pili, omba kuzungumza na Mkenya aliye kule kazini sasa hivi, bila ajenti kusikiliza. Akikataa, ushapata jibu lako.

Tunajua kuna watakaosema, "Nyinyi mnawafundisha vijana kuchagua kazi wakati kazi hakuna." La. Pengine utaichukua tu kazi hiyo hata baada ya kusikia mabaya yake, na hakuna atakayekulaumu, kwa sababu kodi haingoji. Lakini kuingia ukijua ni tofauti na kuingia ukiwa kipofu. Aliyejua zamu ni ndefu atapanga usafiri wa usiku. Aliyejua mshahara huchelewa hatachukua mkopo wa tarehe 1. Aliyejua watu huambiwa wafanye kazi bila karatasi ataidai karatasi yake kabla ya kuanza.

Wengine watasema mfanyakazi wa hospitali akilalamika hadharani anawatisha wagonjwa, na akigoma anawaumiza. Kuumiza kupo, tusidanganyane. Sisi Wakenya tunaujua mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ukaenda siku 100, na ule wa 2024 uliokwenda siku 56. Maskini ndiye aliyeumia zaidi, kwa sababu hana pesa za kwenda hospitali ya kibinafsi. Lakini mgomo ni maoni yaliyokosa msikilizaji kwa muda mrefu. Anayetaka hospitali zisifungwe aanze kusikiliza wakati bado ni barua mezani.

Sasa wewe uliye ndani tayari. Una haki, zitumie kwa akili. Kipengele cha 41 cha Katiba kinakupa malipo ya haki, mazingira ya kazi yanayofaa, kujiunga na chama na hata kugoma. Kipengele cha 32 kinakataza mtu kunyimwa ajira kwa sababu ya dini yake. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Inakupa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kila baada ya mwaka. Na hili wengi hawalijui: sheria hiyo, kifungu cha 46, inasema kumshtaki au kutaka kumshtaki mwajiri wako si sababu halali ya kukufuta, isipokuwa ikionyeshwa kwamba malalamiko yako hayakuwa na msingi.

Kwa hivyo malalamiko yako yape msingi. Andika tarehe, zamu, idadi ya wagonjwa na idadi ya wahudumu. Weka nakala ya mkataba na risiti za mshahara nyumbani, si kwenye kabati la kazini. Andikeni barua pamoja, kwa maana sahihi moja hufutwa kazi kwa urahisi, sahihi 30 huitiwa mkutano. Anzeni na msimamizi wenu, halafu chama, halafu ofisi ya leba, na mahakama ya ajira iko.

Lakini kuna mpaka. Usipige picha ya mgonjwa ukaitupa kwenye WhatsApp ili kuthibitisha kwamba wodi imejaa. Habari za afya ya mtu ni amana, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazilinda. Usiseme usilolijua. Usimtaje daktari kwa jina kwa jambo ulilolisikia kwenye ngazi. Uongo mmoja ukigunduliwa, ukweli wa miaka 12 unazikwa nao.

Ninyi mabosi wa hospitali, tunajua baadhi yenu mnatusoma. Msimamizi mwenye busara hangoji mwanahabari. Anauliza wafanyakazi wake swali la Waingereza, anawaacha wajibu bila kuandika majina, kisha anabandika majibu ukutani hata kama yanauma. Gharama yake ni ndogo kuliko dola milioni 200.

Na wewe uliye na barua ya kazi mkononi wiki hii, usiweke sahihi leo. Tafuta watu watatu wanaofanya kazi pale, na mmoja aliyeondoka. Wasikilize, andika wanachosema, kisha usome mkataba ukiwa na karatasi hiyo pembeni. Ukiona kazi bado inakufaa, bismillah, ingia. Na mwakani, kijana mwingine akikupigia simu kukuuliza "pale inakuwaje?", mwambie ukweli wote, mzuri na mbaya.